Sikio la Bibi Kizee: Juu ya Manung'uniko Madogo ya Wapenzi wa Mchezo

Katika kila fani inayopendwa pana walalamikaji wa aina mbili. Wa mwanzo ni yule asiyeipenda fani yenyewe. Huyu hulalamika ili apate sababu ya kuondoka. Wa pili ni yule aipendaye mno. Huyu hulalamika hali amekaa pale pale, wala hana nia ya kunyanyuka. Sote tunamjua. Ndiye yule asiyekosa usiku hata mmoja wa taarabu, kisha akarudi nyumbani akisema kuwa fidla ya pili ilikuwa imelegea, kuwa watunzaji walimziba mwimbaji, na kuwa ubeti wa tatu ulikatwa kizembe. Wiki ya pili yake ukenda utamkuta wa mwanzo mlangoni. Huyu ndiye ninayetaka kumzungumza leo, kwani naona wahakiki wetu wamempuuza, na hali yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa kila kazi.

Nitampima kwa mfano ambao huenda msomaji wa kurasa hizi hakuutazamia: mchezo wa watoto, ule vijana wanaouita gemu. Namuomba msomaji asilifunge jarida. Nami nilikuwa na dharau hiyo hiyo kabla sijakwenda Geita.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mazimwi ya mfukoni". Ulitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996, katika nakala mbili za mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy: nakala Nyekundu na nakala ya Kijani. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto mwenye kupenda kukusanya wadudu. Mchezaji huanza akiwa mtoto nyumbani kwa mama yake. Hutoka, akazunguka nchi, akakamata viumbe wa ajabu, akawalea hadi wakabadilika maumbile, na akawashindanisha na wa wenzake. Wakati ule viumbe hao walikuwa 151. Leo wamepindukia 1,000, na mfululizo haujakoma.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja la kihistoria ambalo wahariri wa majarida madogo kama hili watalifurahia. Game Freak, jina la kampuni inayotengeneza mchezo huu, mwanzoni lilikuwa jina la kijarida. Tajiri alianza kukitoa mwaka 1983, kwa mkono wake, kurasa zimebanwa kwa pini, naye humo akiandika juu ya michezo ya watu wengine: upi mzuri, upi umeharibika na umeharibikia wapi. Mchoraji Ken Sugimori alikutana naye kwa njia ya kijarida hicho. Kampuni ilikuja baadaye, mwaka 1989. Kwa hivyo mfululizo huu, ambao wapenzi wake hawaishi kuunung'unikia, wenyewe ulizaliwa na kalamu ya mpenzi mnung'unikaji.

Sasa nije Geita. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliondoka Unguja akiwa kijana kwenda kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu. Msomaji asidhani nazungumzia ule mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000. Mpwa wangu ni wa wachimbaji wadogo, watu wa maduara, wanaoteremka kwa kamba baina ya matimba, wakatoa mawe yakapelekwa kwenye karasha kusagwa. Alioa huko, mke Msukuma wa upande wa Shinyanga, wakapata mtoto wa kiume. Nilipokwenda kuwatembelea, mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa, na baba yake alikuwa kambini, siku nane hajarudi.

Mtoto alinipa shikamoo, nikaitikia, akarudi kwenye simu ya mama yake. Ndani ya simu ile mlikuwa na programu inayoiga ile mashine ya zamani, na mchezo aliokuwa akiucheza ni ule wa mwaka 1999 ulioitwa Dhahabu. (Mwenzake uliitwa Fedha, na mwaka 2006 wakaja Almasi na Lulu. Mtu akiambiwa majina haya hali yuko njiani baina ya Mwadui, alikoanzisha mgodi wa almasi John Williamson mwaka 1940, na maduara ya Geita, hawezi kuacha kutabasamu.) Mtoto hakujua Kiingereza. Mchezo haukujua Kiswahili. Nikaketi naye, na kwa siku sita nikawa mfasiri wake.

Usiku, mtoto akishalala, nilikuwa nikisoma wanayoyasema wapenzi wa mchezo huo wa nchi nyingine. Nilistaajabu. Hawaulizi kama mchezo una maana au hauna, hilo walishalimaliza. Wanalalamikia vitu vidogo vidogo, na kila kimoja wanakijua kama mtu ajuavyo kijiwe kilichomo ndani ya kiatu chake. Nitavitaja vichache, kisha nieleze nilichokiona kwa mtoto wa Geita.

La kwanza ni popo. Mchezaji akiingia pangoni, kila hatua chache hutokewa na kipopo kiitwacho Zubat. Akimshinda huyu, hatua tatu mbele anatokewa na mwingine. Wapenzi wa mchezo wamemlaani popo huyu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni kweli anachosha. Lakini mtoto wa Geita alipoingia pangoni alishusha pumzi, akapunguza mwendo, akaniambia, "Babu, humu usikimbie." Nilimuuliza nani kamfunza. Akasema baba yake ndivyo anavyosema juu ya duara. Pango lisilo na kero si pango. Ni njia tu iliyopakwa rangi nyeusi. Mtunzi wa mchezo alitaka kiza kiwe na uzito, na uzito ule ndio walalamikaji wanaouhisi begani. Tangu mchezo wa mwaka 2018 viumbe wengi huonekana kwa mbali, na mtu anaweza kuwakwepa. Raha imezidi, na hofu imepungua. Mizani imesogea, na sina hakika kuwa imesogea upande ulio bora.

La pili ni zile amri za kudumu. Kila kiumbe huweza kubeba ujuzi wa namna nne tu. Kuna ujuzi maalumu wa safari: kukata mti ulioziba njia, kuvuka maji, kusukuma jabali, kuangaza pango. Katika michezo ya mwanzo, kiumbe akishafunzwa ujuzi huu hakuweza kuusahau tena, na nafasi yake moja kati ya nne ikawa imekwenda. Wapenzi waliliona hili kuwa dhulma, kumtia mpiganaji hodari kazi ya kufyeka vichaka maisha yake yote. Lakini tuitafute sababu. Tuseme umevuka bahari ukafika kisiwani, na huko ukamsahaulisha kiumbe wako ujuzi wa kuvuka maji: utarudi vipi? Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mtunzi aliweka kero ndogo ili kuzuia msiba mkubwa. Hata hivyo hakuziba masikio. Katika mchezo wa Dhahabu aliweka mzee mmoja, katika mji ulio karibu na mwisho wa safari, ambaye kazi yake ni kusahaulisha. Na mwaka 2016 mfumo wote wa amri zile uliondolewa, pakawekwa wanyama wa kupanda. Miaka 20 ya kunung'unika, na dawa ikapatikana.

La tatu ni uzito wa maandishi na mwendo. Mchezo wa Almasi na Lulu ulilaumiwa sana kwa uzembe wake: mapigano yanajivuta, mstari wa uhai wa kiumbe unapungua kama mshumaa, mtu anaogelea kama aliyebeba gunia la chumvi. Mwaka 2008 ilitolewa nakala iliyorekebishwa, Platinamu, na mwendo ukaharakishwa. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini mtoto wangu wa Geita alikuwa amekwenda kwenye ukurasa wa mipangilio, akachagua kwa makusudi maandishi yaende taratibu kabisa. Sababu niliiona siku ya pili. Alikuwa na daftari la skuli, na kila neno lililotokea alikuwa akilinakili kwa penseli, herufi kwa herufi, kabla halijapita. Ukurasa mzima alikuwa ameandika maneno asiyoyajua maana, kando ya kila moja amechora alama: moto, maji, jiwe, nyoka. Huyu ambaye wenzake duniani wanalia kuwa mchezo unawachelewesha, yeye alikuwa akiuomba umsubiri.

La nne ni simu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Katika mchezo wa Dhahabu mchezaji hupewa simu. Watu anaokutana nao njiani humpa nambari zao, kisha humpigia wakati wowote, mara nyingi bila ya jambo la maana. Kuna mtoto mmoja humo, Joey, ambaye hupiga simu kujisifia panya wake, na wapenzi wa mchezo wamemgeuza kuwa mzaha wa dunia. Hata mama wa mchezaji hupiga: huwa amekabidhiwa sehemu ya fedha za mwanawe amuwekee, kisha humpigia kumwambia kuwa amezitumia kumnunulia kitu. Wachezaji wanakereka. Mimi nilimtazama mtoto wa Geita kila simu ile ya uongo ilipolia. Alikaa sawa. Alisubiri maneno yatimie. Alinitaka nimfasirie yote, hata ya panya wa Joey, na alipoona nimefupisha alinikatalia: "Babu, kasema zaidi ya hapo." Chini ya duara hakuna mtandao. Simu ya kweli katika nyumba ile, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa ameishika, ilikuwa na siku nane haijalia kwa sauti ya baba.

Tangu hapo sikuweza tena kuyasoma malalamiko juu ya simu za mchezo kwa macho yale yale. Sisemi walalamikaji wamekosea. Kwa mtu mwenye simu nyingi za kweli, simu ya uongo ni kero. Ninachosema ni kwamba kero haina uzito wake wenyewe. Hupewa uzito na maisha ya anayeipokea, na mhakiki anayeihukumu kazi bila ya kuuliza ni nani anayeipokea na yuko wapi, amepima kwa mizani yenye kitanga kimoja.

Siku ya saba mke wa mpwa wangu alinichukua pamoja na mtoto tukapita Kahama hadi Shinyanga, kisha kijijini kwa mama yake, upande wa Kishapu. Tulifika asubuhi, tukaambiwa "Mwangaluka", nasi tukaitikia "Mwangaluka". Usiku bibi alisimulia hadithi kwa Kisukuma na binti yake akanifasiria, nikaonja na mimi ladha ya kusubiri maneno ya mtu mwingine. Hadithi yenyewe Wasukuma wote wanaijua. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akasalimika mwanamke mmoja tu mwenye mimba, aliyejificha katika chungu ya makapi. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwenye akili nyepesi kufahamu. Mtoto alipokua akamuuliza mama yake: mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kwenda kulisaka zimwi. Siku ya mwanzo akarudi na panzi, akidhani ndilo. Mama akamwambia huyu ni panzi tu. Akarudi na ndege; akaambiwa huyu ni ndege tu. Akarudi na paa, kisha mnyama mkubwa zaidi, hadi siku alipolikuta Shing'weng'we lenyewe akaliua.

Mtoto wa Geita alinigusa mkono gizani. "Babu," akaninong'oneza, "huyu alikuwa anapandisha levo." Sikuwa na la kumpinga. Panzi kwanza, ndege pili, kisha wakubwa: hiyo ndiyo ngazi ya mchezo wake, nao huanza kwa viwavi na vinjiwa vya vichakani na kuishia kwa wazito. Mtoto anayetoka kwa mama asiye na mume nyumbani, akawa anarudi kila mara na kiumbe mkubwa kuliko wa jana: hadithi ile ilikuwa ikisimuliwa Usukumani kabla Tajiri hajakamata mdudu wake wa kwanza. Sidai kuwa mmoja kamwigiza mwenzake. Nadai kuwa hamu iliyomo ndani yake ni moja.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na mwisho wake ndio uliobeba makala haya. Masala Kulangwa alipolipasua tumbo la zimwi, wakatoka watu wote, baba yake miongoni mwao. Kisu kikateleza, kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika. Ametolewa kaburini, ameiona nuru, amepewa uhai wake wa pili, naye anagomba kwa ajili ya sikio. Akafika hata kutaka kumroga mkombozi wake. Nilitarajia msimulizi amcheke bibi huyu, au amlaani kwa utovu wa shukurani. Hakufanya hivyo. Masala Kulangwa alikwenda akatafuta dawa, akamponya. Na baada ya hapo ndipo watu wakamfanya mtawala wao.

Nimeisikia hadithi hii ikitajwa mara nyingi kwa ajili ya zimwi, na mara chache mno kwa ajili ya sikio. Kwa maoni yangu, aliyeitunga alikuwa mhakiki mkubwa. Ametufunza kuwa mtu aliyepewa kitu kikubwa hapotezi haki ya kulalamikia kidogo kilichoharibika humo ndani. Ametufunza pia kuwa kuua zimwi peke yake hakukumtosha Masala Kulangwa kuwa mtawala. Alitawazwa baada ya kuliponya sikio. Mtunzi anayejibu malalamiko kwa kusema "lakini nimekutoeni tumboni" ametaja lililo kweli, na bado sikio linatoka damu.

Pana kipimo kingine nilichokipata huko. Ngoma za Wasukuma zimegawika pande mbili tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi upande wake. Wamo Bayeye wanaocheza na nyoka, chatu wakiwazunguka mwilini. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ilipo Makumbusho ya Wasukuma, sherehe ya Bulabo huwakutanisha kila Juni. Nilipomuuliza mjomba wa mtoto, mpenzi wa Bagalu tangu utoto, kuhusu ngoma za siku hizi, alitumia nusu saa kuzilaumu: vipaza sauti vimemeza ngoma, wachezaji wanawatazama wenye kamera badala ya wapinzani, chatu mmoja anazungushwa hadi anasinzia. Nikamuuliza kama Juni ijayo atakwenda. Alinitazama kama niliyemuuliza kama atakula.

Hasimu wawili, viumbe waliokamatwa na kufunzwa, watazamaji wanaopiga kura kwa miguu yao: msomaji ameshaona nilipo. Pokémon pia hutolewa kwa jozi, na katika kila nakala hukosekana viumbe waliomo katika nakala ya pili, ili watu walazimike kubadilishana. Na hapa pana kero ya tano. Kuna viumbe ambao hawatimii umbo lao la mwisho mpaka wapewe mtu mwingine kwa kubadilishana. Mmoja wao ni Graveler, jiwe lenye mikono, ambaye kwa njia hiyo tu huwa Golem. Mtoto wa Geita alikuwa naye. Alimkamata pangoni akiwa kijiwe, akamlea hadi akawa jabali, na hapo akakwama. Programu ya simu ile haikuwa na njia ya kubadilishana, au kama ilikuwemo sisi hatukuiona, wala hapakuwa na mtoto mwingine jirani mwenye mchezo huo. Wapenzi wa nchi nyingine huiita hii kero ndogo, kwa kuwa kwao ni kutafuta rafiki na waya. Kwa mtoto aliye peke yake, ni ukuta. Falsafa ya mtunzi ni njema: hakuna anayekamilika peke yake. Ila falsafa hiyo imekadiria kuwa kila mtu ana mwenzake, na hapo ndipo ilipomkata mtu sikio.

Si kila lalamiko ni la sikio, lakini. Juni 2019 ilipotangazwa kuwa mchezo wa mwaka ule hautawapokea viumbe wote zaidi ya 800 waliokuwepo, bali 400 tu kwa kuanzia na wapya wakiwemo, wapenzi walipaza sauti kuliko wakati wowote. Wengine waliwacheka: nusu ya vikatuni imeachwa, kuna nini? Lakini wako watu waliolea kiumbe mmoja tangu mwaka 2002, wakamhamisha kutoka mashine hadi mashine. Na mchezo wenyewe kwa miaka ulijitangaza kwa wito wa kumtaka mtu awakamate wote. Lalamiko hili halihusu sikio lililokatwa. Linahusu watu waliobaki tumboni. Mhakiki lazima atenganishe. Wengi kati ya viumbe hao walirudishwa baadaye, na hiyo ni dalili kuwa lalamiko lilikuwa na mguu wa kusimamia.

Tena, lazima tuseme kweli juu ya walalamikaji wenyewe. Mchezo wa Novemba 2022 ulitoka na kasoro nyingi za kiufundi, hata Desemba kampuni ikaomba radhi. Nao ulikwisha uza nakala milioni 10 katika siku tatu za mwanzo. Bibi kizee wa hadithi alikuwa na uchawi wa kumtisha nao mkombozi. Mpenzi anayelalamika hali ameshalipa, na ataendelea kulipa, amejinyang'anya uchawi wake mwenyewe. Simlaumu, kwani ndivyo mapenzi yalivyo. Namkumbusha tu.

Nimeiacha kero ya mwisho kwa kuwa ni yangu, ya mfasiri. Mchezo huu umefasiriwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kikorea na Kichina. Majina ya viumbe hubadilishwa kwa ustadi mkubwa. Yule aitwaye kwa Kijapani Fushigidane, jina ambamo mna "ajabu" na "mbegu" na pia mshangao wa mtu asemaye "ajabu, sivyo?", Wafaransa wamemwita Bulbizarre na Wajerumani Bisasam, kila mmoja akitafuta mchezo wa maneno kwa lugha yake. Kwa Kiingereza nyoka mmoja ameitwa Ekans, neno la nyoka likisomwa kinyumenyume, na swila mkubwa wake ni Arbok. Nilipomfasiria mtoto hapo nilicheka peke yangu, kwani sisi tuna kinyume chetu, kile tulichosema utotoni ili wakubwa wasitufahamu, cha kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Nikamwambia: huyu ni Kanyo, na huyu mkubwa ni Laswi. Alikaa kimya akizigeuza silabi kichwani. Kisha akapiga ukelele, akachukua daftari, akafuta jina la kigeni alilolinakili kwa tabu, akaandika Kanyo. Ukurasa ule mzima tuliumaliza usiku huo.

Kwa Kiswahili mchezo huu haujatolewa hadi leo. Wasemaji wetu hawakulalamika, na kimya hiki ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko kelele zote nilizozisoma. Mtu hulalamikia sikio pale anapojua kuwa ni lake na kuwa yuko mtu wa kumsikiliza. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare, aliichapisha mwaka 1963, kisha hakuona haya kurudi, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kazi iliyomo katika lugha yetu tunaweza kuilaumu na ikatengenezwa. Kazi isiyomo tunaipokea kama mvua, ikinyesha au isinyeshe. Basi natamani siku watoto wa Geita na wa Makunduchi wawe na haki ya kusema kuwa mfasiri wa mchezo wao kaboronga, kuwa Kanyo lilikuwa jina zuri lakini Laswi halikufaa. Siku hiyo nitakuwa radhi kuwa mimi ndiye mwenye kisu.

Kabla sijaondoka Kishapu nilijaribu kumtungia bibi kizee wa hadithi ubeti mmoja, kwa kuwa katika masimulizi niliyoyasikia wengine wote wana la kusema na yeye ana hasira tu. Nauweka hapa, si kwa uzuri wake:

Sikio langu sikio, mwenye kisu nakwambia,
Umetupa kimbilio, nuru umetupatia,
Nitaimba na pambio, usiku mchana pia,
Ila hiki ni kilio, dawa nakuulizia.

Mtoto aliusikiliza, akaniuliza kama bibi huyo hatimaye alipona. Nikamwambia alipona. Jioni hiyo simu ililia, na mara hii ilikuwa ya kweli: baba yake ametoka duarani. Mtoto aliipokea mbio hata akausahau mchezo bila ya kuuhifadhi, akapoteza safari ya siku nzima. Aliporudi na kuona, aliununa mchezo kwa dakika tano, akisema kuwa ungepaswa kujihifadhi wenyewe. Ni lalamiko la haki. Kisha akaketi, akaanza tena pale pale.